Nchi Aliyolala Sila

Manase Mwalongo aliporudi kutoka migodi ya Rodeshia ya Kaskazini, mwaka 1953, watu wa kijiji chake walimiminika kumtazama. Alikuwa ameota mashavu. Alivaa koti zito la sufu, na baiskeli yake ilikuwa na taa iliyowaka yenyewe gurudumu lilipozunguka. Kijiji chao kilikaa mgongoni mwa kilima, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka boma la Njombe, na wakati wa kipupwe ukungu ulikifunika hata usione nyumba ya jirani. Watu walitokea kwenye ukungu huo mmoja mmoja, wakasalimia, "Kamwene," wakaketi jikoni kwake wakiota moto. Wote walikuwa na swali moja: kati ya nchi hii na ile, ipi nzuri?

Manase hakuona haya kujibu. Kule, alisema, unabonyeza kitu ukutani na nyumba inajaa mwanga. Maji yanakufuata hadi mlangoni kwa bomba. Mfanyakazi anapewa nyumba ya matofali, unga, maharage na nyama, na mshahara wake wa mwezi mmoja hapa Njombe mtu angeutafuta nusu mwaka kwenye mashamba ya miti ya miwati. Yeye mwenyewe alishikwa na kichomi akalazwa siku kumi kwenye shuka nyeupe, akachomwa sindano, akapona.

"Na sisi hapa?" mzee mmoja aliuliza.

"Sisi hapa tuna baridi," alijibu, na watu wakacheka.

Mkewe Esteria hakucheka. Mtoto wao wa kwanza alikufa kwa surua Manase akiwa huko. Esteria alimbeba mgongoni kwenda hospitali ya misheni, na alipofika wakamwambia amshushe, mtoto alikuwa amekwisha kufa njiani. Siku moja Manase aliteleza ulimi akasema, "Kule asingekufa." Esteria aliinuka, akatoka kwenda kuokota kuni, na kuni zilikuwa zimejaa darini.

Kulikuwa na mgeni mmoja ambaye Manase alimwogopa kuliko wote. Naye ni Idda, mjane, mama yake Sila. Manase na Sila walisoma darasa moja katika shule ya misheni, wakapata kipaimara siku moja. Wakala wa migodi alipokuja Njombe na lori lake kutafuta vijana, Manase ndiye aliyemshawishi mwenzake. Walishuka pamoja Makambako, wakapita Mbeya na Tunduma, wakavuka mpaka. Akarudi mmoja.

Barua ya kampuni ilikuwa imefika kabla yake, na mwinjilisti alimsomea Idda: mwanao amefariki kwa ajali kazini, amepewa mazishi ya heshima. Kwa hiyo Idda hakuja kulia. Alikuja kuulizia kaburi.

"Liko wapi, mwanangu?"

"Pembeni mwa mji, mama. Mahali patulivu."

"Wamemwekea msalaba?"

"Wa saruji. Una jina lake."

"Kuna mti?"

Manase alitazama moto. "Upo mmoja. Una maua mekundu."

Idda alishukuru akaenda zake. Wiki iliyofuata akarudi. Mti ule unaitwaje? Nani anafagia pale? Siku ya mazishi waliimba wimbo gani? Kila mara Manase aliongeza kitu, na kila alichoongeza Idda alikipeleka kanisani, kisimani, shambani. Wanawake wa kijiji wakawa wanalijua kaburi la Sila kama wanavyoyajua makaburi ya kwao. Na nchi ya Rodeshia, kwa maneno ya Manase, ikazidi kuwa nzuri, maana ilibidi iwe nzuri kiasi cha kustahili kulaza mtoto wa mtu.

Kaburi halikuwepo.

Ukweli ulikuwa huu. Mwamba uliporomoka kwenye njia ya chini kabisa ya mgodi, ukafukia watu watano, Sila akiwa mmoja wao. Bomba la hewa lililopita hapo halikukatika. Siku ya kwanza mtu aliyeweka sikio kwenye bomba alisikia kugonga: ngo, ngo, ngo, kisha kimya, kisha tena. Manase aliweka sikio, akasikia. Walichimba siku mbili. Siku ya tatu wakubwa walisema paa la njia haliaminiki, watakufa wengine, na njia lazima izibwe ili kazi iendelee upande wa pili. Manase aliwekwa kwenye kikosi cha kujenga ukuta. Alikoroga saruji, akapanga matofali. Walipokuwa wamefika usawa wa kifua, aliinama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu, akagusa bomba kwa sikio. Alisikia kitu. Huenda yalikuwa ni maji. Aliinuka akaendelea kupanga matofali, na mpaka kufa kwake hakujua kama yalikuwa ni maji.

Sauti ile ilimfuata Njombe. Haikuja usiku kama vitu vya kuogofya vinavyosemwa kuja. Ilikuja mchana, hasa asubuhi za ukungu, kijiji kinapokuwa kimya na kila kitu kimelowa. Akipalilia viazi, aliisikia chini ya jembe. Alisimama, akangoja, akapiga tena, nayo ikaja, ngo, ngo, ngo, kutoka ndani. Siku moja Esteria alimkuta amelala kifudifudi katikati ya tuta, shavu likiwa kwenye udongo.

"Unatafuta nini?"

"Fuko," alisema. "Anakula viazi."

Mwaka 1955 aliomba kazi kwenye kikosi cha barabara Makambako, akapewa unyapara kwa sababu alijua kusoma na kuandika. Watu walishangaa mtu kuacha shamba zuri kwenda kukaa mahali pakavu kama pale, njiapanda yenye maduka mawili ya Wahindi na vumbi. Yeye alikuwa na sababu yake. Makambako kuna upepo. Unavuma tangu asubuhi hadi jioni, unapiga mabati, unalia kwenye nyasi, na ndani ya upepo ule Manase hakusikia kitu. Alifanya kazi mwaka mzima, akakaribia kuwa mzima tena. Aliwatumia nyumbani sabuni na chumvi. Wasafiri waliposimama njiapanda wakamwuliza habari za Rodeshia, aliwajibu kwa kifupi: kuna kazi.

Ndipo siku moja, mwezi wa Septemba, lori la Njombe likasimama, na kutoka juu ya magunia akashuka Idda. Alivaa gauni lake la kanisani. Mkononi alishika chungu kidogo kilichofungwa mdomo kwa kitambaa.

"Kamwene, mama. Umekuja kutembea?"

"Ninapita tu, mwanangu. Ninakwenda kwa Sila."

Manase alimkalisha kwenye kivuli cha duka, akamwagizia chai. Idda alieleza bila haraka, kama mtu aliyekwisha kupanga kila kitu. Amewaaga ndugu. Mwinjilisti amemwandikia barua ya njia. Chungu kile kina udongo wa kaburi la baba yake Sila, maana si vizuri mtoto alale kwenye udongo usiomjua. Atauchanganya pale penye msalaba, atakaa chini ya mti siku mbili tatu, kisha atarudi. Alitaka kitu kimoja tu: Manase amwandikie kwenye karatasi jina la mtaa na mahali pa kugeukia, ili asipotee.

Manase alichukua karatasi. Alichukua na kalamu. Alikaa nayo mpaka chai ya mama yule ikapoa.

"Huwezi kuandika na upepo huu?" Idda aliuliza.

"Mama, hakuna pa kukuandikia."

Akamweleza. Alimweleza yote, mwamba, bomba, siku tatu, matofali. Hakujificha mahali popote katika hadithi ile. Alipofika kwenye ukuta sauti yake ilikuwa ndogo hata Idda akamtaka arudie, naye akarudia.

Idda alishika chungu chake kwa mikono miwili.

"Aligonga siku ngapi?"

"Tatu nilizosikia."

"Na ulijua ni yeye?"

"Walikuwa watano, mama. Sikuweza kujua ni nani."

"Wewe ulifikiri ni nani?"

"Nilifikiri ni yeye."

Lori jingine lilipita, watu wakapanda, likaondoka kuelekea Mbeya. Idda alilitazama mpaka likaisha machoni.

"Umetuambia nchi ile ina taa chini ya ardhi," alisema. "Ina mashine za kupasua mlima. Ina hospitali, na mimi naamini, maana ulikwenda umekonda ukarudi umenona. Sisi hatuna hayo. Jirani yetu Marcelino alipofukiwa na shimo la udongo wa vyungu, wewe ukiwa mdogo, tulikuwa na nini? Majembe. Masufuria. Wanawake walichota udongo kwa nguo zao. Tulichimba siku mbili, tukamtoa. Alikuwa amekufa, lakini tulimtoa, na leo mkewe anajua pa kupanda ua."

Manase alikubali kwa kichwa.

"Wale wakubwa, makaburi ya wazee wao yako wapi?"

"Ng'ambo, mama. Mbali. Pale mjini hakuna mwenyeji. Kila mtu katoka kwingine."

"Ndiyo maana waliacha kuchimba," alisema Idda.

Alikataa kulala Makambako. Manase aliomba ruhusa, wakapanda lori la jioni wakarudi Njombe, wamekaa juu ya magunia, kila mtu upande wake. Bomani walitengana. Idda alisema neno moja tu: kwamba aliyoyasema kwake ayaseme na kanisani, kwa sababu yeye hana nguvu ya kuzunguka akiwaambia watu kwamba mti wa maua mekundu haupo.

Jumapili hiyo Manase alisimama mbele ya usharika akasema. Waliomsikiliza ni watu waliokuwa wameimba naye tangu utoto. Wengine waliinamisha vichwa. Kaka yake Sila alitoka nje kabla Manase hajamaliza, na kwa miaka miwili hakumsalimia. Mchungaji aliwaongoza katika sala, kisha ukoo wa Sila ukachimba kaburi kando ya baba yake. Ndani yake waliweka daftari la shule na shati alilokuwa ameliacha. Manase aliomba kushika jembe. Walimnyima. Akasimama mbali, kwenye miwati, mpaka walipomaliza.

Huenda mtu angedhani kwamba baada ya hapo sauti ilinyamaza. Haikunyamaza. Manase aliacha unyapara akarudi shambani, kwa sababu aliona kuikimbia hakuna faida, na asubuhi za ukungu iliendelea kuja, wakati mwingine mara tatu, wakati mwingine mara moja, kama mtu anayekaribia kuchoka. Tofauti ilikuwa kwamba sasa Esteria alijua. Alipomwona amesimama na jembe limetulia, alikuja kusimama karibu naye bila kuuliza, kisha wakaendelea kulima.

Idda alikaa mwaka bila kufika kwake. Halafu alianza kuja tena, akaketi pale pale jikoni. Sasa aliulizia nchi yenyewe, ilivyo kweli. Watu wa huko wanazungumza lugha gani? Mama zao wanapika nini? Sila alicheka na nani? Manase alimwambia kwamba Sila alijifunza Kibemba upesi kuliko wote, kwamba Jumapili aliwafundisha wenzake nyimbo za Kibena, na kwamba mwanamke mmoja jirani, Telesia, aliyekuwa akimfulia nguo, alilia siku saba. Haya yalikuwa ya kweli, na Idda aliyapokea moja moja, akiyapima.

Mwaka 1958 lori la wakala lilikuja tena. Vijana walimwendea Manase, nao wakauliza lile lile la wazee: nchi ipi nzuri? Alikaa nao tangu asubuhi hadi ukungu ulipopanda. Aliwaambia habari za shuka nyeupe na habari za ukuta. Aliwaonyesha koti lake, ambalo lilikuwa bado halijachakaa. Hakuwakataza, wala hakuwatuma. Saba walipanda lori, wawili wakarudi makwao.

Lilipoondoka, Esteria, aliyekuwa anamnyonyesha mtoto wao wa tatu, alimwuliza swali ambalo hakuwahi kumwuliza.

"Wewe ungerudi kule?"

Manase alimtazama mtoto. Alikuwa na kikohozi tangu juzi, na hospitali ilikuwa mbali kama siku zote.

"Kwa ajili ya huyu," alisema, "ningerudi kesho."

Esteria alimfunika mtoto vizuri. Mvua nyembamba ilianza, wakaingia ndani.