Sombe Juu ya Mzani

Miaka ile ya Ujamaa, mnyonyaji alichorwa kwenye kila bango akiwa na tumbo kubwa. Mimi, binti wa Ujiji, nilikuwa na tumbo kubwa na sikumnyonya mtu. Mkufunzi aliyetuandaa kuwa walimu wa lishe, mwanamume mwembamba kutoka pwani, alinitazama akakunja uso.

"Dada, watu watakuona kupe. Nani atakuamini ukiwafundisha kula?"

Akanipa somo moja la majaribio kwa akina mama wa mtaa wa Kasingirima. Nikivurunda, nirudi nyumbani. Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto.

Kawaida somo lilianza na mzani. Kila mama alipanda, kilo zake zikatangazwa kwa sauti, wenzake wakacheka. Kwetu hakuchekwa mnene, alichekwa mwembamba. Siku yangu, mama mmoja aliyekonda alikaa mlangoni kabisa, kandambili mkononi, tayari kukimbia. Mawifi zake walikuwa wakisema anamwaibisha kaka yao.

Nikauchukua ule mzani, nikautandikia khanga, nikaweka juu yake sufuria ya sombe, kisamvu chetu cha mawese, bado ya moto. Mkufunzi akakohoa. Nikajifanya sikusikia.

"Mwalimu, tufundishe nasi tunenepe kama wewe," mmoja akaomba, wengine wakapiga vigelegele.

Nikamwita dada yangu, aliyekuja kunisaidia kubeba vyombo. Ni mrefu, mwembamba kama mwiko.

"Huyu na mimi tumelelewa kwenye sinia moja, tena mkono wake ndio uliokuwa mwepesi," nikasema. "Kilo siwezi kuwagawia. Niambieni jana mlikula nini, na nani alilala na njaa."

Wakaanza kusema: ugali wa muhogo, dagaa, mwingine chai kavu tu, yeye na watoto wake. Tukaongea habari za maharage na mboga za majani, huku tukila, hadi sufuria ikabaki tupu. Yule wa mlangoni alikuwa amesogea, anakula nasi.

Mwisho mkufunzi akasimama, akawauliza kama kweli wanamwamini mwalimu wa namna hii. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilipewa darasa, na aliyenipa ni yule mama aliyekonda. Alifuta mkono kwenye khanga yake, akainuka.

"Mimi namwamini," akasema. "Wote huniuliza naumwa nini. Huyu kaniuliza nimekula nini."