Mwiko Atalala Wapi

Baba mkwe wangu alikuwa mpishi wa jeshi. Wenzake walimwita Mwiko. Hata alipostaafu alipika kana kwamba kombania nzima iko njiani, na majirani hawakulalamika.

Serikali ilipotenga kiwanja cha makaburi ya taifa kwa wanajeshi wastaafu, alirudi nyumbani kifua mbele.

"Nimejiandikisha," alimwambia mama mkwe. "Tutalazwa kwa mistari, kama gwaride."

Mama alikuwa anakunja nguo. "Na wake zenu?"

"Wake hapana. Wanajeshi tu."

"Mzee wewe! Ujana wote umelala na wanaume hao kambini, mimi nimekumbatia mto. Leo unawafuata na kaburini?"

Mimi ni mkwe, mambo ya kulala kwao hayanihusu. Niliinama nikafunga kamba za viatu vilivyokwisha kufungwa.

Nyuma ya nyumba lilikuwapo kaburi dogo la mtoto wao wa kwanza, na huku na huku nafasi mbili walizoziacha tangu alipozikwa. Ndiyo maana Mama alinuna. Kwa siku kadhaa chai ya mzee iliwekwa mezani bila neno.

Kisha akafa mpiga tarumbeta, rafiki mkubwa wa Baba, hana mke wala mtoto. Akawa wa kwanza kuzikwa kwenye kile kiwanja. Tulikwenda watatu. Bendera ilipoondolewa juu ya jeneza ikakunjwa, afisa kijana alisimama nayo mikononi.

"Ndugu wa marehemu?"

Akauliza tena, sauti imemshuka. Mama akapenya katikati ya wanaume.

"Nipe mimi, mwanangu. Huyu ni shemeji yangu."

Akaipokea, akaifuta vumbi kwa ncha ya kanga yake.

Tulirudi kwa miguu. Tulipokaribia nyumbani Baba akapunguza mwendo.

"Pale pazuri," akasema. "Panamfaa asiye na mtu."

"Na wewe?"

"Kesho nakwenda wanifute."

"Usinifanyie hisani, Mzee."

"Hisani gani? Yule mtoto tumemwacha peke yake muda mrefu mno."

Mama akamshika mkono, barabarani, mchana kweupe. Nikakaza mwendo nikawatangulia.

Mzee sasa amelala kushoto kwa mwanawe. Watu wakimuuliza Mama kuhusu nafasi ya kulia, husema ina mwenyewe, ila mwenyewe hana haraka.