Maktaba ya Konzi za Mchele

Mji mzima wa Vellarikkara ulimjua Thankamani kwa sauti kabla ya sura. Miaka ishirini na miwili alizunguka na mfuko wa vitabu begani, nyumba kwa nyumba, kutoka ng'ambo ya mfereji hadi kwa wasokota kamba za makumbi, akiwaazima wanawake vitabu vya maktaba. "Nani kamaliza? Nani kalala nacho?" aliita akiwa bado barabarani, na mwenye kukaanga samaki aliweka sufuria pembeni akatoka mbio.

Sasa magoti yamegoma. Daktari kamwambia aache kutembea kabla hajaachishwa. Basi akaenda kwa katibu wa maktaba, Mwalimu Prabhakaran, mstaafu mwenye kupenda mikutano kuliko chai, na chai yenyewe anaipenda sana.

"Nitafutie mtu wa kuushika mfuko, Mwalimu."

"Nimtoe wapi, dada? Kamati imeshakaa. Ukipumzika wewe, mfuko nao upumzike. Wanawake siku hizi wana televisheni."

"Na nyumba zangu mia na themanini?"

"Ndiyo hivyo tena."

"Basi waje wenyewe hapa!"

Mwalimu akacheka. "Hapa? Jioni hapa ni pa wanaume, Thankamani. Hawatakuja, hawajazoea."

Pa wanaume! Thankamani aliondoka kifua kinamwaka. Na alikuwa na haki, maana jengo lile lina habari yake, na habari yenyewe kamati haipendi kuisimulia.

Hapo zamani gazeti lilisomwa kwa kinyozi, yeye mwenyewe akisoma kwa sauti huku ananyoa, mpaka siku ya matokeo ya uchaguzi alipowakata watu watatu masikio. Wakahamia kwenye banda la makuti. Mvua za mwezi wa sita zikalibeba banda na magazeti yake. Wanaume wakasema sasa tujenge kwa mawe na vigae, wakaunda kamati, kamati ikanywa chai miaka miwili. Wanawake ndio waliojenga. Kila aliyepima mchele wa chakula alirudisha konzi moja, mchele wa kujaa kiganja, akaitia kwenye chungu karibu na meko. Jumapili wasichana walipita na vikapu kukusanya, mchele ukauzwa sokoni, kuta zikapanda. Miaka mitatu! Na nyumba nyingine wala hazikuwa na mchele wa kutosha wenyewe. Siku ya ufunguzi wanaume wakaingia, wakaketi, wakakunjua magazeti. Wajenzi walichungulia kutoka nje ya ua, kisha wakarudi jikoni, kwa sababu maktaba ilifunguliwa saa kumi na moja jioni hadi saa mbili, saa zilezile za kupika. Ikabaki hivyo.

Thankamani akafanya mzunguko wa mwisho, anachechemea, meno ameyauma. Alimpa kila mwanamke kitabu, na ndani yake akaandika siku ileile kwa wote: Jumamosi, saa kumi na moja, kirudishwe maktaba kwa mkono wako. Alijua anachofanya. Mwanamke wa Vellarikkara utamsema utakavyo, lakini usimwambie kakaa na chombo cha watu. Akiazima bakuli, hulirudisha siku aliyosema hata kama nyumba inaungua.

Lakini kitabu si bakuli, na kizingiti kile hawakuwahi kukivuka. Jumamosi Thankamani hakula. Alikaa kwenye benchi ndani ya maktaba, miguu imevimba, wanaume wamejaa na magazeti na karata zao. Saa kumi na moja ikapiga, hakuna aliyekuja. Ikapita robo.

"Si nilikuambia?" Mwalimu akasema, kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma Thankamani zaidi. Aliwaza nyumba zote zile bila kitabu, akataka kulia.

Ndipo fimbo ikasikika kwenye ngazi. Bibi Kunjipennu, miaka themanini na minne, mpenzi wa vitabu vya upelelezi ambaye husoma ukurasa wa mwisho kwanza ili asipate presha. Akavua ndala mlangoni, akaingia.

"Nimechelewa kidogo. Nilikuwa nawangoja wenzangu pale kona, waoga hawa."

Na nyuma yake, loo! Wenzake wakafurika, sitini, sabini, wengine mikono ina unga wa manjano. Wanaume wakanyakua glasi zao za chai wakakimbilia barazani.

"Nani anapika leo?" mmoja akapiga kelele.

"Mikono unayo, baba!" akajibiwa.

Mwalimu akajikaza. "Haya, akina mama, wekeni vitabu mezani, mnaweza kwenda."

Bibi Kunjipennu alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha katibu.

"Kwenda wapi, mwanangu? Miaka mitatu nilimpakulia marehemu mume wangu wali pungufu kwa ajili ya nyumba hii. Kafa hajui. Niache nikae."

Thankamani akainuka kwa mazoea, amletee kitabu kingine.

"Kaa chini, wewe. Nitachagua mwenyewe."

Bibi akaenda hadi kwenye makabati. Akapitisha mkono juu ya migongo ya vitabu, kabati la kwanza, la pili, hadi ukutani, akageuka, macho yamemtoka.

"Thankamani! Vyote hivi? Miaka yote hiyo ukatuletea vitatu vitatu?"

"Bega ni moja, bibi," Thankamani akasema, machozi yanamtoka.

Bibi akarudi mwanzo wa kabati la kwanza, akatoa kitabu, akafungua ukurasa wa mwisho, akakirudisha, akatoa cha pili. Saa mbili ikafika, ikapita. Mwalimu Prabhakaran alisimama mlangoni na ufunguo mkononi, na hakuthubutu kumwambia kwamba muda wa kufunga umefika.