Sakafu Inayonesa

Watu wa mji wetu wakikuambia kwamba ukumbi wa dansi ulijengwa na mafundi wa karakana ya reli, waitikie kwa adabu. Ni kweli, waliujenga miaka sitini iliyopita, walipochoka kucheza kwenye vumbi. Lakini kama umesimama mpaka leo, ni kazi ya shangazi yangu, na mwenye kubisha aje tubishane.

Kwa miaka thelathini na mitano shangazi ameitunza sakafu ile ya mbao. Kila Alhamisi asubuhi hupaka nta iliyolainishwa kwa mafuta ya taa, kisha hujifunga matambara ya blanketi miguuni na kuisugua kwa kucheza, peke yake, bila muziki, kutoka jukwaani mpaka mlangoni. Ukimkuta, usicheke. Mimi nilicheka mara moja, nikakabidhiwa matambara yangu, na kesho yake nilishindwa kupanda ngazi. Bendi kubwa kubwa zimepita pale, na wapiga tarumbeta waliovimba vichwa wamevuliwa viatu mlangoni kama watoto wa chekechea.

"Piga tarumbeta yako, baba," huwaambia. "Sakafu niachie mimi."

Mwaka jana halmashauri ilimtuma mkaguzi. Kama angesema mbao zimeoza, zingeng'olewa, ingemwagwa zege na ukumbi ungegeuzwa ghala. Shangazi hakula siku mbili, yeye ambaye hata homa haijawahi kumnyima sahani yake.

Mkaguzi alikuja Alhamisi, shangazi bado ana matambara miguuni; alikuwa kijana nadhifu. Akavua viatu alipoamriwa, akaizunguka sakafu mara mbili, akasimama katikati, akaruka kidogo. Sakafu ikanesa.

"Mama, hii imekwisha," akasema huku anaandika. "Sakafu iliyo nzima hainesi hivi."

Nilitaka kumrukia. Shangazi akanizuia kwa jicho, akatoa bisibisi mfukoni, akapiga magoti na kufungua ubao mmoja.

"Mwenye macho haambiwi tazama," akasema. "Lakini wewe tazama, mwanangu."

Chini, kila boriti ilikuwa imelazwa juu ya vipande vya tairi la lori, vimekatwa kwa kipimo kimoja.

"Waliojenga waliweka hivyo makusudi, wachezaji wasiumie magoti. Siku ikiacha kunesa, hapo ndipo uniambie imekwisha."

Mkaguzi akalala kifudifudi, akamulika kwa tochi, akagonga boriti zote alizozifikia. Alipoinuka alikuwa na vumbi mpaka puani, na ile jeuri ya mwanzo haikuwepo tena. Nikashusha pumzi. Tumeshinda, nikasema moyoni.

"Bado," akasema shangazi. Akaenda kwenye kona karibu na jukwaa, akasimama. "Ubao huu umeoza. Umepita juu yake mara mbili, hukuusikia."

Nani alimuuliza? Mtu amevuliwa kitanzi, anakivaa tena kwa mikono yake mwenyewe!

Hata mkaguzi alishangaa. "Mama, mimi nisingeujua. Kwa nini unanionyesha?"

"Kwa sababu Jumamosi kuna watu watacheza hapa. Ukiandika sakafu yangu ni nzima, basi iwe nzima kweli."

Hakubembeleza. Nilimtazama, na matambara yake miguuni, nikajivuna mpaka machozi yakanilengalenga. Nimekaa na wasomi na wenye vyeo, sijawahi kuona mtu anayeiheshimu kazi yake kiasi kile.

Kijana akaichana karatasi aliyokuwa ameiandika, akaketi pale pale sakafuni na kuanza nyingine, akiisoma kwa sauti ili tusikie: sakafu ni imara, ibaki kama ilivyo, ubao mmoja ubadilishwe.

"Sasa hapa niandike fundi gani ataubadilisha?"

Shangazi alikwisha kupiga magoti, anaupima ubao kwa shubiri.

"Andika mimi," akasema bila kuinua kichwa. "Na uandike Ijumaa."