Blogu ya Darasa na Posa ya Dada

Blogu ya Gredi ya Tano niliianzisha kwa ubishi. Mwalimu mwenzangu alisema watoto wa shule yetu hapa Malindi hawana la kuandika, nami sipendi kabisa kuambiwa hivyo. Basi kila Ijumaa wakawa wanaandika habari za nyumbani madaftarini, nami nazisoma, nazipiga chapa kwenye kompyuta ya shule na kuziweka mtandaoni bila majina. Wazazi wakazisoma kwenye simu zao. Mtoto aliyekuwa akiandika mistari mitatu kwa kusukumwa akaanza kuomba karatasi ya ziada, ati shangazi yake aliyeko Gongoni anasubiri. Nilivimba kichwa, sifichi.

Ijumaa moja nilikuwa nimechoka. Insha ya msichana mmoja, binti wa mwenye duka la vitambaa, niliipitia kwa kalamu nyekundu tu. Nikarekebisha herufi kubwa, nikaweka vituo, nikachapisha. Jumatatu hakuja shule. Jumanne hakuja. Mwalimu mkuu akaniita ofisini, akanisomea kwa sauti kitu nilichokichapisha mwenyewe:

"Juzi wageni walileta posa ya dada. Mama amesema tusimwambie mtu. Baba amefurahi sana. Dada analia chumbani kwa sababu anataka kumaliza chuo cha uuguzi kwanza, lakini anamwogopa baba."

Nimekaa Malindi miaka ya kutosha kujua kwamba posa haitajwi nje kabla wazee wa pande zote mbili hawajakubaliana. Watu wanaogopa husuda, na wanaogopa aibu posa ikivunjika. Mimi nilikuwa nimeitangaza kwa kila mwenye simu; na hata bila jina, wanaowajua wangetambua ni nyumba gani. Mwalimu mkuu alisema baba mtu akilalamika, blogu inafungwa. Na ifungwe. Kilichoniuma ni yule mtoto: nilimwambia aandike ukweli, akaandika, na sasa yeye ndiye hayuko darasani.

Alasiri hiyo hiyo nilikwenda kwao. Mama mtu alinikaribisha bila kunitazama sana. Baba alikuwa ameketi sebuleni, kofia gotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Keti."

Sikungoja hata chai. "Nimekuja kuomba radhi. Kosa ni langu, mtoto hana kosa lolote. Nakuomba arudi shule."

Aliigeuzageuza kofia gotini.

"Mamake kijana aliyeleta posa aliisoma," akasema. "Alinipigia simu Jumamosi. Wallahi nilijua posa imekufa. Kumbe asema binti amalize chuo chake, wao watangoja. Yeye mwenyewe alikatizwa masomo kwa ajili ya harusi, na hadi leo yamuuma."

"Na mtoto?"

"Yuko kwa bibi yake. Yuwadhani nitampiga. Kesho atakuja shule, nitamleta mwenyewe."

Chai ilipokuja nilikunywa vikombe vitatu na kula mahamri bila haya, nikicheka na mambo yasiyochekesha. Mama mtu naye akalegea. Akaniwekea hamri la nne na kuniambia, "Lakini mwalimu, siku nyingine soma kwanza, mwanangu. Si vituo peke yake." Nikaapa nitasoma kila neno, na tangu siku hiyo nasoma.

Baba alinisindikiza hadi mlangoni. Akageuka kuhakikisha mkewe amebaki ndani, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Hiyo blogu yenu hutoka kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa, mzee."

"Na huyu wetu ataandika tena?"

"Ukimruhusu."

Aliivaa kofia yake, akaitengeneza polepole.

"Mwache aandike," akasema. "Humu ndani mimi huambiwa 'naam, baba' tu."