Maombi ya Mama Kwenye Miti ya Manda

Nilipokuwa mtoto, pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka hapakuwa na mahali pa kuomba bila majirani kukusikia. Mama akikohoa ndani ya hema letu, Warundi wa hema la pili walimpa pole. Kwetu Bukavu alizoea kupanda mlimani peke yake na kumlilia Mungu kwa sauti, kwa hiyo alianza kutafuta. Miti mingi ilikuwa imekatwa kuni. Ng'ambo ya mashamba tu ndiko kulikosalia kichaka kizima, chenye kivuli kizito. Mama alisema Mungu amemwekea.

Hatukujua kwamba ni manda, makaburi ya kijiji, na kwamba ndiyo sababu hakuna aliyethubutu kuvunja hata kijiti pale.

Mwaka ule mvua ilianza vizuri, kisha ikakatika mahindi yakitoa mbelewele. Mchana mmoja nilimfuata mama. Alikuwa amepiga magoti, mikono juu, akilia kwa sauti, nilipoona wanawake wa kijiji wakija na majembe, na wanaume nyuma yao.

"Mfiti!" walipiga kelele.

"Banasema nini?" mama aliniuliza. Mimi nilikuwa nimeokota Kichewa, lugha yao, kwenye foleni ya maji.

"Banasema we ni mulozi. We njo unafukuza mvula."

"Ubaambie mi nasemaka na Mungu tu."

Nikawaambia. Mwanamke mmoja mzee akasogea, akauliza kwa nini basi huyo Mungu anaombwa juu ya kifua cha mume wake. Alionyesha kwa jembe pale pale mama alipopiga magoti. Nilipomfasiria, mama alitazama chini, akaliona tuta la kaburi, na juu yake chungu kilichotobolewa. Aliruka kando. Alitaka kuomba radhi, lakini neno la Kichewa alilolijua lilikuwa moja tu.

"Zikomo," alisema. "Zikomo, mama."

Asante. Wakadhani anawadhihaki. Mpini wa jembe ulimpiga begani, nikasikia mfupa ukivunjika. Walitusukuma katikati ya mahindi hadi mpaka wa kambi, wakitutupia madongo na kuapa kwamba tukirudi tutazikwa hapo hapo.

Wiki hiyo hiyo mvua ilinyesha. Kijijini walisema ni kwa kuwa mchawi amepigwa. Kambini wenzetu wa kanisa walikuja kuimba hemani, wakasema Mungu amemtetea mtumishi wake. Mama alilala, mkono umefungwa kwa kitenge. Walipoondoka aliniambia, "Mi sikuombaka mvula. Nilikuwa naomba baba yako arudi."

Baba tulipotezana naye njiani, watu walipokuwa wakikimbia. Hakurudi, na hakuna aliyewahi kutuambia alikoishia.

Sasa nashona nguo mjini, mtaa wa Area 47, mama anaishi nami. Huomba ameketi ukingoni mwa kitanda, mlango umefungwa, midomo tu ikitikisika. Wa kanisani wakinialika kwenda kuomba msituni, ambako wanasema kuna utulivu, nakataa.

Kwa miaka nilimchukia yule mwanamke, na hadi leo simpendi. Lakini yeye alijua mumewe amelala wapi, akaja kumlinda. Mama hajawahi kupata mahali pa kusimama namna ile.