Yaliyobaki Barazani

Mbambu alikuja Kisangani kutoka Butembo akiwa bibi harusi, na vitenge vya kuuza vilikuwa vingi kuliko nguo zake mwenyewe. Alibatizwa Mkatoliki kama ukoo wake wote. Mumewe, Isaïe, ndiye aliyekutana na Wabahai kwanza, ila ni Mbambu aliyewang'ang'ania. Alipenda kwamba hawakuwa na padri wala mchungaji. Watu tisa, waliochaguliwa kwa kura ya siri bila yeyote kujinadi, ndio waliokuwa Baraza, wakibeba mambo ya wote. Mwaka alipochaguliwa yeye kuwa mmoja wa tisa hao, alilia. Dada zake wa Butembo walicheka: mwanamke asiyeweza kunyamaza sokoni, atatunzaje siri za dini?

Aliweza. Sheria ya Baraza ilikuwa moja: ndani, kila mtu aseme moyo wake wote, uamuzi ukishapita ni wa wote, na hakuna atakayetoka nje kusema mimi sikuutaka.

Katika vita vya Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni yalipopigana katikati ya mji ambao haukuwa wa lolote kati yao, kipande cha bomu kilimkuta Isaïe uani kwake, Kabondo. Makaburini hakukufikika. Aliyepita chini ya risasi kuja kuchimba kaburi nyuma ya jiko alikuwa Hilaire, fundi wa baiskeli aliyekaa mwisho wa avenue, barabara ya mtaa wao, pamoja na Franck, mtu wa Yanonge aliyeishi naye. Walipomaliza, Hilaire, Mbahai kama wenye nyumba, alisimama akaisoma sala ya wafu kwa moyo, na marudio yake yote, huku mabati ya jirani yakitobolewa. Hakuharakisha hata neno moja.

Vita vilipotulia, watu wakarudi, na minong'ono ikarudi nao. Hilaire na Franck walilala chumba kimoja. Baraza lilimwita Hilaire mara kadhaa, kwa upole, likamuuliza. Angeweza kukana. Lakini watu wale wale ndio waliomfundisha kwamba ukweli ni msingi wa wema wote, naye akasema kweli: yeye na Franck waliishi kama watu wa ndoa, na hatamwacha.

Sheria ya dini ilikuwa wazi, ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, na Mbambu hakuikana. Hata hivyo siku ya mashauriano alizungumza kuliko alivyowahi kuzungumza. Alisema mji huu umejaa watu waliochoma na kubaka, nao wanapita barabarani wakisalimiwa. Aliwaomba wangoje. Alisema aliyemzikia mumewe asiwe wa kwanza kufungiwa mlango. Wenzake walimsikiliza mpaka mwisho, mmoja wao akijifuta macho. Kisha mikono ikanyanyuka. Wake ulibaki mapajani. Hilaire angebaki Mbahai, angesali nyumbani kwake, lakini asingepiga kura tena wala kuja kwenye Karamu, ule mkutano wa waumini unaofungua kila mwezi wa kalenda yao.

Uamuzi ulitangazwa kwenye Karamu iliyofuata, bila sababu kutajwa. Sababu watu waliijaza wenyewe. Delphine, muumini mpya, alimweleza muuza samaki, kwa huzuni na si kwa ubaya. Muuza samaki hakuwa na huzuni. Baada ya siku chache avenue nzima ilijua kwamba hata dini ya Hilaire imemtupa.

Jumapili mchana watu walijaa mbele ya nyumba ya Mbambu, chefu wa avenue, yaani mkuu wa mtaa, Papa Hubert, akiwa mbele yao. Walitaka Hilaire na mwenzake wahame kabla ya giza, na mmoja alishika chupa ya petroli waziwazi, kama mtu anayepeleka mafuta ya taa nyumbani. Walichokosa ni neno la Mbambu tu.

"Mama Mbambu, sisi hatumuonee mutu," alisema Hubert. "Nyinyi wenyewe mulimutosha inje. Sema tu mbele ya watu kama ni kweli, bon, tunaenda."

Kusema uongo hakuweza. Kunyamaza kungekuwa kukubali.

"Ni kweli, kwetu hana kura tena," alisema. "Ile ni sheria ya nyumba yetu, na aliingia kwa mapenzi yake. Lakini hapa kwa avenue, si Ubahai unamupa ruhusa ya kuishi. Hata wewe, papa, hauko Mubahai, na hakuna mutu anakuja kuchoma kwako."

"Mama anatetea fundi wa baiskeli yake," mmoja alidakia nyuma, na watu wakacheka.

"Siku ya kuzika Isaïe mulikuwa chini ya vitanda," Mbambu alisema. "Siwalaumu. Lakini mukienda kwake, mutaanza na mimi."

Akaingia ndani, akatoka na kiti, akakibeba mpaka mwisho wa avenue, akakiweka mlangoni kwa Hilaire, akakaa. Watu walimfuata. Walibishana kwa Kilingala na kwa Kiswahili, walimwita kichaa, lakini hakupatikana aliyetaka kuwa wa kwanza kumgusa mjane mwenye nguo za matanga. Jua lilipopungua Hubert akasema watazungumza kesho, na kila mtu akajua kesho hiyo haipo.

Hilaire akafungua mlango, akamletea maji, akakaa kizingitini.

"Mama," alisema, "leo umenitetea mbele ya kila mutu. Aksanti. Lakini siku ile, mule ndani ya Baraza, kulikuwa hata mutu moja wa kusema neno kwa ajili yangu?"

Mbambu alishika bilauri kwa mikono miwili. Jibu lilikuwa mdomoni, fupi, na lingewaponya wote wawili. Lingewaacha pia wale wanane uchi mbele yake.

"Uamuzi ule ulikuwa wetu sisi wote," alisema.

Hilaire alitikisa kichwa polepole. Kisha akasema giza linaingia, akambebea kiti mpaka kwake, akakiweka nje ya mlango bila kuingia. Tangu jioni ile hakumwita tena mama. Alimwita madame, kwa heshima yote, mpaka vita vya nchi nzima vikaisha, na baada ya hapo.